Shemeji

Mheshimiwa, cheti sina.
Niliacha kulisema hilo kwa aibu
tangu mara ya tatu kuulizwa.
Sasa nalisema kama mtu anayetaja anakoishi:
Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
cheti sina.

Nilicho nacho nimekileta kwenye kiroba cha unga:
daftari la madeni, Mangi wa dukani kaandika
*mke wa Ndesario, sukari nusu, kiberiti*;
kadi ya kliniki ya Aikaeli, mstari wa baba umejazwa;
kijitabu cha kikoba; na koti lake la mvua
ambalo wakili wa kampuni anasema si kielelezo.
Basi nalivaa. Juni mlima haujionyeshi,
na baridi ya Moshi huingia hata mahakamani
bila kuapishwa.

Miaka kumi na mmoja.
Kwao Machame mbege ya posa haikuwahi kuiva:
mwaka wa kwanza ulezi ulipanda bei,
wa pili mama yake akafariki,
wa tatu tukajenga choo.
Choo kwanza, alisema, ndoa haina harufu.
Nilicheka. Hata leo nacheka,
halafu nakumbuka niko wapi.

Lori la saruji halikuuliza cheti.
Liliacha barabara pale Kiboriloni
likamkuta amechuchumaa anaziba pancha
ya baiskeli ya mtu mwingine.
Hospitali usiku ule hawakuuliza.
Karatasi ya upasuaji: jina, sahihi, uhusiano.
Nikaandika *mke*. Nesi akasema haya mama,
kalipie uzi na glovu dirisha la pili.
Chumba cha maiti hawakuuliza.
Mwenye kudaiwa ni mke papo hapo;
mwenye kudai ndiye hupimwa.

Mwanasheria wa msaada ananieleza polepole:
sheria ina dhana. Waliokaa kinyumba
miaka miwili na zaidi, watu wakawajua
ni mume na mke, sheria inadhani walioana.
Inadhani.
Nililibeba neno hilo hadi nyumbani
nikalilaza upande wake wa kitanda.
Kukoroma kwake hakukuwa dhana.
Goti lake la baridi mgongoni mwangu
halikuwa dhana.
Uji niliomlisha alipougua matumbo,
kijiko, subiri, kijiko,
nani aliudhania?

Leo wamemleta Elinaja, mdogo wake.
Bahasha ya kampuni alikwisha kuipokea,
akaisainia kwa kalamu yao.
Ameapa. Amesema huyu mama alikuwa mpangaji.
Amesema kaka yake alikuwa mseja,
mtu wa kula hotelini.
Hakunitazama, nami sikumlaumu;
ana watoto wanne na bati linavuja.
Mwanasheria wangu akauliza jambo dogo tu,
siku ya ajali ulipata habari wapi?
"Asubuhi nilipita pale kwao,
shemeji akanipa chai, ndipo simu ika—"

Kalamu ya hakimu ikasimama.
"Nani alikupa chai?"

Elinaja akatazama viatu vyake.
Nami nikavitazama. Navijua,
nilivibadilisha soli mwenyewe kwa fundi wa Mbuyuni,
nikampa siku ya kuanua matanga
kwa kuwa miguu yao ilikuwa saizi moja.
"Ya maziwa," akajibu,
kana kwamba ndilo lililoulizwa.

Hakimu akaandika. Aliandika kwa muda.
Kisha kesi ikaahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.

Sijashinda kitu. Ngazini kiroba kilipasuka,
daftari la Mangi likaanguka kwenye manyunyu.
Aliyeinama kuliokota alikuwa yeye.
Akalifuta kwa mkono wa suti, akanikabidhi
kwa mikono miwili, kama tulivyozoea.
Mdomo wake ulianza neno,
ukalimeza.